Shahada Iliyotafutwa Gombe: Uzamivu, Majina na Madaftari ya Kiswahili

Makala hii imetokana na swali dogo la sarufi. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akitafuta shahada ya uzamivu katika uhifadhi wa maliasili aliniletea kurasa kadhaa za maelezo aliyoyaandika porini kwa Kiswahili, akaniuliza kama ni sahihi kuandika "Nambari 14 ilionekana ikila" au "Nambari 14 alionekana akila". Mnyama mwenyewe alikuwa nyani. Nilimjibu kwa haraka, kama walimu tufanyavyo tukiwa na kazi nyingine mezani, kwamba ikiwa anamtaja nyani basi na aandike "alionekana", na ikiwa anaitaja nambari basi na aandike "ilionekana". Alipokwisha kwenda ndipo nilipotambua kwamba jibu langu halikuwa jibu. Kwani swali lake lilikuwa hasa ni hilo: anamtaja nani? Nikakumbuka tena kwamba swali hilo hilo, kwa lugha nyingine, lilikwisha kubishaniwa miaka zaidi ya sitini iliyopita, juu ya shahada iliyotafutwa katika nchi yetu wenyewe, kando ya Ziwa Tanganyika.

Kabla sijaingia katika habari hiyo, msomaji aniruhusu neno moja au mawili juu ya msamiati, maana ndiyo kazi yangu. Shahada hii ya juu kabisa tumeipa jina la uzamivu, kutokana na kitenzi "zama", kana kwamba anayeitafuta ni mtu aendaye chini ya maji kutafuta lulu. Ni jina zuri, ingawa halisemi kama mzamiaji huyo alishikiwa kamba na nani juu ya chombo. Neno "shahada" lenyewe ni la Kiarabu, ndugu wa "shahidi" na "ushahidi". Ni tamko la mtu aliyeshuhudia jambo. Na "hifadhi" hatukuipata kwa watu wa mbuga za wanyama. Kabla ya kuwapo mbuga zenye mipaka na walinzi, wazee wetu walikuwa wakihifadhi Kurani, yaani wakiiweka moyoni isipotee hata herufi moja. Mambo haya matatu, kuzamia, kushuhudia na kuhifadhi, yote yamo katika habari nitakayoisimulia, lakini hayakufanywa yote na mtu mmoja.

Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall, Mwingereza wa miaka 26, aliteremka katika ufuko wa Gombe, kaskazini ya Kigoma. Mahali hapo palikuwa pori la akiba tangu mwaka 1943, eneo dogo la mabonde yaliyobanana kati ya ziwa na safu ya vilima. Alifuatana na mama yake, kwa kuwa wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali mwanamke kijana akae peke yake porini, na pamoja nao alikuwapo mpishi, Dominic. Waliomwonyesha njia za milimani katika miezi ile ya kwanza ni Adolf, askari wa wanyamapori, na Rashidi Kikwale, mwenyeji wa pwani ile ya ziwa. Goodall hakuwa na shahada yo yote. Alikuwa amesomea ukatibu, akafanya kazi hiyo kwa Louis Leakey, mkuu wa makumbusho ya Nairobi, naye Leakey ndiye aliyemtuma. Yasemekana Leakey alipendelea mtu ambaye akili yake haijajazwa nadharia. Nadhani alipendelea pia mtu aliyekuwa tayari kukaa.

Mnyama aliyetumwa kumchunguza ni sokwe. Jina hili si geni katika vitabu: Livingstone, alipokuwa katika nchi ya Manyema, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1870, aliandika katika shajara yake habari za mnyama aitwaye "soko", akadhani ni jamaa ya sokwe mkubwa wa misituni. Hapana shaka alilisikia neno kwa wasafiri na wenyeji akaliandika kwa sikio la Kiskoti. Walakini miaka tisini baada yake elimu ya Ulaya juu ya maisha ya sokwe katika makazi yake bado ilikuwa ndogo mno. Mnamo Oktoba na Novemba 1960 Goodall aliyaona mambo mawili yaliyobadili hali hiyo. Aliwaona sokwe wakila nyama, jambo lililokuwa halijulikani, na akamwona sokwe mmoja dume akichomeka shina la nyasi katika kichuguu na kulitoa likiwa na mchwa walioling'ang'ania, kisha akawala. Tena walikuwa wakipukutisha majani ya vijiti ili vifae kwa kazi hiyo; yaani walikuwa wakitengeneza chombo. Wakati ule wataalamu wengi walikuwa wakisema kwamba binadamu pekee ndiye atengenezaye vyombo.

Hapo ndipo ilipozuka haja ya shahada. Leakey alifahamu kwamba habari kubwa namna hii, ikiletwa na mtu asiye na cheo cha elimu, haitapokewa. Na alifahamu vilevile kwamba yeye hataishi daima kumwombea msichana huyu fedha. Bila shahada utafiti ungekufa, na pori lile dogo lingebaki bila mtetezi. Kwa hiyo akafanya mpango Goodall aingie Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1962, moja kwa moja katika uzamivu bila kupitia shahada ya kwanza, jambo lililopata kuruhusiwa kwa watu wachache sana. Msimamizi wake alikuwa Robert Hinde. Kwa miaka kadhaa akawa akienda na kurudi, vipindi vingine Cambridge na vingine Gombe, hata akapewa shahada mwaka 1966. Ilikuwa ni shahada ya elimu ya tabia za wanyama. Uhifadhi wa maliasili, kama somo la kuzamiwa, wakati ule haukuwa na kiti chake katika vyuo. Ulikaa kwa jirani.

Huko Cambridge aliambiwa amekosea karibu yote. Kosa la kwanza lilikuwa majina. Yeye alikwisha kuwaita sokwe wake David Greybeard, Goliath, Flo, Fifi. Wataalamu wakasema mnyama wa utafiti hupewa nambari, kwa sababu jina humvuta mchunguzi kuona utu pasipo na utu. Kosa la pili lilikuwa viwakilishi. Alipopeleka makala yake ya kwanza katika jarida la kitaalamu, ilirudi ikiwa imesahihishwa: kila alipoandika kiwakilishi cha mtu wa kiume au wa kike palikuwa pamekatwa na kuwekwa kiwakilishi cha kitu. Goodall alivikata masahihisho hayo na kurudisha maneno yake, na mwishoni yakachapwa kama alivyotaka. Yeye mwenyewe alilisimulia tukio hili mara nyingi hata uzeeni. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91.

Sasa, mtu anayesema Kiswahili akisikia ugomvi huu hushangaa kidogo. Sisi hatuwezi kugombana hivyo. Sarufi yetu imekwisha kukata shauri: sokwe amekuja, sokwe wamekuja. Hata kiboko na kifaru, ambao kwa umbo la majina yao wangepaswa kufuata "kiti" na "kisu", huachana na ki-vi na kuingia katika upatanisho wa watu. Anayesema "kiboko kimekufa" hucheka au huchekwa. Nimepata kuwasikia wapenzi wa lugha yetu wakijivunia jambo hili, wakidai kwamba Mswahili tangu zamani humheshimu mnyama kuliko Mwingereza. Mimi sikubali. Mchwa wanaovuliwa na sokwe kichuguuni nao ni "wanaovuliwa". Kunguni ni "yule". Na sijaona heshima apewayo kunguni. Upatanisho wa a-wa hutenga chenye uhai na kisicho na uhai, basi, hauna habari ya haki. Tena zipo pembe ambapo mnyama hurudishwa katika ngeli ya vitu: twasema "mbuzi wangu" akiwa mmoja, lakini wakiwa wengi "mbuzi zangu". Mtu aweza kudhani ni kwa sababu ya kumilikiwa, mpaka akumbuke kwamba twasema pia "ndugu zangu" na "rafiki zangu".

Hata hivyo tofauti ya lugha hizi mbili si ndogo kwa mtu mwenye daftari porini. Kiingereza humlazimisha mwandishi achague: au kitu, au mwanamume, au mwanamke. Kiswahili hakimruhusu kusema kitu, na wala hakimuulizi jinsia. "Alimfuata, akampiga, akakimbia." Sentensi hii ni kamili, lakini aliyepiga ni nani, jike au dume? Na aliyekimbia ni yule aliyepiga au yule aliyepigwa? Katika mazungumzo twaelewana kwa kuwa tumeona au tumeambiwa. Katika daftari la utafiti lazima majina yatajwe, tena na tena, la sivyo mwenye kutafsiri baadaye atabahatisha. Kwa hiyo majina yale yaliyolaumiwa Cambridge kuwa ni hisia za msichana, katika maandishi ya Kiswahili ni haja ya sarufi.

Nimeyataja maandishi ya Kiswahili, na hapa ndipo penye kiini cha makala hii, ingawa nimechelewa kufika.

Mwaka 1968 Gombe ilifanywa hifadhi ya taifa. Kutoka mwaka huohuo wenyeji walianza kuingizwa katika kazi ya kuwafuata sokwe, si kubeba mizigo na kufyeka njia tu. Miongoni mwao walikuwa Hilali Matama, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono na Yahaya Alamasi. Kazi yao ni ngumu kuliko inavyosikika. Mchunguzi huamka kabla ya mapambazuko ili amkute sokwe mmoja aliyechaguliwa angali katika kiota alichokijenga mtini jana yake, kisha humfuata kutwa nzima, juu ya makorongo na ndani ya vichaka vya miiba, hata atakapojenga kiota kingine jioni. Huandika saa, mahali, chakula, aliyekuja na aliyeondoka, sauti zilizotolewa, ugomvi na suluhu. Na tangu miaka ya 1970 wachunguzi hawa wameyaandika hayo kwa Kiswahili.

Tarehe 7 Januari 1974 Matama aliona jambo ambalo hakuna mchunguzi aliyepata kuliona kabla yake. Jamii ya sokwe wa Gombe ilikuwa imegawanyika makundi mawili, moja bonde la Kasakela na jingine kusini, Kahama. Siku hiyo madume wa Kasakela walivuka mpaka kimya, wakamkuta dume wa Kahama aitwaye Godi akila peke yake, wakamkamata, mmoja akamshikilia chini na wengine wakampiga na kumng'ata, kisha wakamwacha na majeraha makubwa. Hakuonekana tena. Katika miaka iliyofuata madume wote wa Kahama waliangamizwa mmoja baada ya mwingine, na kufikia mwaka 1978 kundi lile halikuwapo. Mambo haya yalipotangazwa, wako wataalamu wa nje waliokataa kusadiki, wengine wakisema sokwe wameharibiwa na ndizi walizokuwa wakipewa kambini. Ubishi huo umeendelea kwa miongo. Lakini kila upande, wenye kusadiki na wenye kukana, ulitegemea ushuhuda wa watu hawa. Katika kitabu cha kitaalamu kilichotoka mwaka 1979 iko makala juu ya mapambano ya makundi ya Gombe ambayo waandishi wake ni wanane, na kati yao wametajwa Bandora, Matama na Mpongo. Hawa hawakuwa na shahada ya chuo. Lakini tukilirudia neno kwa maana yake ya asili, sijui ni nani aliyekuwa nayo kuwapita.

Kisha likaja tukio la usiku wa tarehe 19 Mei 1975. Watu wenye silaha, waasi kutoka Zaire ya wakati ule, walivuka ziwa kwa mashua wakawateka watu wanne kambini, wanafunzi watatu wa chuo kimoja cha Marekani na msaidizi mmoja Mholanzi. Wote waliachiliwa hatimaye, lakini kwa miaka mingi baadaye wanafunzi wa kigeni hawakuweza tena kukaa Gombe. Ilitazamiwa kwamba utafiti utakoma. Haukukoma. Wachunguzi Watanzania waliendelea kupanda milima kila asubuhi na kuandika kwa Kiswahili, na madaftari yakaendelea kujaa. Sehemu kubwa ya yale ambayo ulimwengu unayajua juu ya miaka ya mwisho ya Kahama yaliandikwa katika kipindi hicho. Kitabu kikubwa cha Goodall cha mwaka 1986, ambacho wanafunzi wa fani hii hukitumia kama msahafu, kimesimama juu ya kazi hiyo.

Nafasi hainiruhusu kukaa sana Mahale, kusini ya Gombe, ingawa habari zake zastahili makala yake. Huko Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kazi mwaka 1965. Wajapani hawakuwa na taabu ya majina. Walikwisha zoea kuwapa majina kima wa kwao tangu miaka ya 1940 na 1950, na hakuna aliyewakemea. Nishida alijifunza Kiswahili, na kwa msaada wa Watongwe aliowafanya viongozi wake alikusanya majina ya mimea kwa Kitongwe, maana sokwe hula mimea na Watongwe ndio waliokuwa wakiijua. Mwaka 1985 milima ya Mahale ikawa hifadhi ya taifa. Ardhi iliyo ndani ya mipaka yake ilikuwa nchi ya Watongwe, nao hawaishi humo tena. Nayataja haya bila kulaumu mtu mmoja. Lakini mwanaisimu akisoma orodha ya majina ya miti ya Kitongwe hawezi kuacha kujiuliza ni watoto wangapi wa leo watakaoweza kuyataja pasipo miti yenyewe mbele yao.

Turudi Gombe. Kutoka mwaka 1995 kumbukumbu za utafiti zilikusanywa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, chini ya Anne Pusey, ambaye mwenyewe alifanya utafiti wake wa uzamivu Gombe katika miaka ya 1970. Huko zilianza kuingizwa katika kompyuta, na maelezo ya Kiswahili yakafasiriwa kwa Kiingereza. Baadaye Pusey alihamia Chuo Kikuu cha Duke na kazi ikaendelea huko. Ni kazi kubwa na ya kushukuriwa. Karatasi zilizoachwa kando ya ziwa zingeliwa na mchwa, wale wale wa sokwe. Tasnifu nyingi za uzamivu zimetoka katika hazina hiyo.

Na Watanzania nao wakaenda kuzitafuta shahada hizo. Shadrack Kamenya aliipata ya kwake katika Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1997, kwa utafiti juu ya nyani na watu wa Gombe wanavyoingiliana. Deus Mjungu aliipata Minnesota mwaka 2010, kwa utafiti juu ya ushindani wa makundi mawili ya sokwe, Mitumba na Kasekela. Akarudi kuongoza utafiti wa sokwe palepale Gombe. Miaka hamsini ilipita tangu Goodall ateremke ufukoni. Mtu aweza kuisema habari hii kwa furaha, na mimi naifurahia. Lakini tuiangalie njia yenyewe: maneno yaliandikwa kwa Kiswahili na Watanzania katika bonde la Tanzania, yakasafiri kwenda kaskazini ya Marekani, yakageuzwa Kiingereza, na Mtanzania akaenda kupewa uzamivu kule yalikokuwa yanatunzwa. Mimi mwenyewe nilikwenda ng'ambo kuandika juu ya vitenzi vya lugha niliyonyonya nayo, kwa hiyo simnyoshei mtu kidole. Siku hizi shahada ya uzamivu juu ya wanyamapori yaweza kutafutwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine kilichoanzishwa mwaka 1984. Lakini lugha ya tasnifu ni ile ile.

Faida za shahada hizi kwa uhifadhi haziwezi kukanwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Goodall aliruka kwa ndege juu ya Gombe akaona kwamba nje ya mpaka vilima vilikuwa vimebaki vipara. Hifadhi ilikuwa kisiwa cha miti. Watu wa vijijini hawakukata miti kwa uadui. Walikuwa wengi, wakiwamo wakimbizi waliokimbia vita ng'ambo ya mipaka, na ardhi ilikuwa imechoka. Mwaka 1994 ukaanzishwa mpango wa kupanda miti na kuwasaidia wanavijiji wa pwani ile. Jambo moja lilikuwa dhahiri kwa waliouanzisha: mazungumzo na wazee wa vijiji hayangefanywa kwa lugha ya tasnifu.

Mwanafunzi wangu alirudi baada ya wiki mbili. Nilimwomba radhi kwa jibu langu la awali, kisha nikamwuliza kiongozi wake wa porini humwitaje yule nyani. Akacheka. Mzee huyo, akasema, hajapata kutamka nambari hata siku moja. Nyani yule humwita Karani, kwa sababu hukaa pembeni juu ya jiwe akiwatazama wenziwe kana kwamba anawaandika. Katika daftari la mwanafunzi jina hilo lilikuwamo, pambizoni, kwa penseli.

Tasnifu yake imekwisha kupita. Nimeisoma. Karani humo ni Nambari 14, na kwa Kiingereza chake yeye ni kitu. Mzee yumo katika ukurasa wa shukrani, kwa jina moja tu, la kwanza.